Wahedi wa Sitini: Amekula Mara 13, Kafungwa

Mpwa wangu kasomea uhasibu, na jambo hilo ana namna ya kulichomeka katika kila mazungumzo. Jumapili moja alasiri alikuja kunisalimia Magomeni akakuta baraza limejaa kama siku zote: wa drafti wamekaa karibu na mlango, wa karata wamefuata kivuli, na muuza kahawa kapita na dele lake akaacha harufu ya tangawizi. Akamwamkia mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu wa reli. Mzee akaitikia marahaba, akasogea, akasema, "Kaa mwanangu, tucheze moja."

Walicheza wahedi wa sitini, wawili tu: kila mmoja analaza karata moja, na mwenye kubwa anakula, yaani anazoa zote mbili na kuziweka kwenye rundo lake. Karata zilipokwisha, mbele ya mpwa wangu palikuwa na rundo nene na mbele ya mzee kijirundo. Kijana akapiga kofi.

"Mzee, leo umepatikana. Nimekula mara 13, wewe mara saba."

"Hesabu."

"Ndiyo nimehesabu, mzee wangu."

"Umehesabu mara ulizokula. Sasa hesabu ulichokula."

Hapo ndipo alipotazama kilichokuwa ndani ya rundo lake: karata 26, na 15 kati ya hizo hazina kitu. Tulipojumlisha akapata pointi 54. Mzee, kwa karata zake 14, alikuwa na 66. Yule muhasibu akahesabu upya mara mbili, kisha akaniangalia mimi kana kwamba nimemficha kitu.

Sikumficha. Ila ni kweli kwamba hesabu ya mchezo huu haifundishwi. Mtu anakaa pembeni mwaka mzima akiangalia wazee wanavyotupa karata, anaona nani anakula, anaona nani anacheka mwishoni, na hajui kati ya hayo mawili kumepita nini. Aliyekulia kwenye lasti kadi ndiye anayepotea zaidi, kwa sababu kule ukimaliza za mkononi umeshinda, basi. Huku karata zote 40 zitaisha kwa kila mtu, na kuisha kwake hakusemi lolote.

Tuanze na karata zenyewe. Katika pakiti nzima ya karata unatoa majoka, zinabaki 52, halafu unatoa nane, tisa na kumi za kila aina. Zinabaki 40, yaani kumi za shupaza, kumi za kopa, kumi za uru na kumi za pau. Katika kila aina, tano zina thamani na tano hazina. Ree, ile yenye alama moja ambayo mitaani wengi wanaiita dume, ni 11. Saba, ambayo wazee wanaiita seti, ni 10. Mfalme ni 4, jeki ni 3, malkia ni 2. Sita, tano, nne, tatu na mbili ni magarasa: hata ukiyakusanya yote hujapata kitu.

Nimesema mfalme, jeki na malkia ili nieleweke na walioanza karata kwenye simu. Barazani hakuna anayesema hivyo. Karata za picha ni wazungu, na kila mzungu ana namba yake: mfalme ni mzungu wa nne, jeki ni mzungu wa tatu, malkia ni mzungu wa pili. Mpwa wangu majina haya aliyasikia tangu mtoto, akayachukulia kama foleni ya benki. Ndiyo maana alikuwa na swali zuri kabisa: kama mfalme ndiye mkubwa wao, kwa nini awe wa nne? Na mzungu wa kwanza yuko wapi?

Mzungu wa kwanza hayupo kwa sababu hakuna karata yenye pointi moja. Rudia majina hayo polepole ukiwa na bei zake mkononi. Wa nne, pointi 4. Wa tatu, pointi 3. Wa pili, pointi 2. Namba ile si cheo, ni bei. Wazee waliandika jedwali la hesabu juu ya karata zenyewe, kisha sisi tukaja tukalisoma kama majina ya watu. Mimi mwenyewe nilicheza zaidi ya miaka kumi kabla sijaliona hilo, na niliona haya kulisema mbele za watu.

Ukishaona hivyo, lile jambo lingine linalowakera akina mama barazani, kwamba jeki, kijana wa kazi, anampita malkia, nalo linapata maelezo, japo si lazima liwafurahishe. Majina ya karata zetu yametoka kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498 na kukaa Mombasa katika Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, na neno karata lenyewe. Wajapani nao walipata karata kutoka kwa Wareno haohao, na mpaka leo wanasema karuta. Kopa zetu ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Pau ni paus, magongo. Shupaza ni espadas, panga za vita. Turufu, ile aina inayokata nyingine zote, ni trunfo. Karata tunazonunua Kariakoo leo zina michoro ya Kifaransa, kwa hiyo tunaangalia moyo mwekundu na kuuita kikombe, wala hakuna anayeshtuka. Tena jina hilo limetuganda: vijana wanatumiana makopakopa kwenye simu, na mchumba hajui kwamba katumiwa vikombe.

Sasa katika karata za kale za Kireno hakukuwa na malkia anayekaa pembeni ya mfalme. Kulikuwa na mfalme, mpanda farasi, na chini yao kabisa mwanamke, sota, wa daraja la mtumishi. Michoro ya Kifaransa ilipoenea, mwanamke aliyekuwapo ni malkia, akapewa nafasi ya yule wa chini. Ndiyo maana hata leo Mreno akicheza bisca au sueca, michezo yao ya karata 40, anahesabu ás 11, sete 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Hesabu yetu moja kwa moja, pamoja na huyo malkia aliyeonewa. Waitaliano wana briscola, nao wanahesabu 11, 10, 4, 3, 2, ila ile 10 wameipa tatu badala ya saba. Ukikuta Mtaliano pale ufukweni Kunduchi anacheza na hesabu yake inakuchanganya, muulize tatu yake ina bei gani kabla hujamwita mwizi.

Jina la mchezo ndilo halikutoka kwa Wareno. Wahedi ni moja kwa Kiarabu, na Kiarabu hutaja kidogo kabla ya kikubwa: moja na sitini, yaani 61. Na hiyo 61 ndiyo mchezo mzima.

Jumlisha aina moja: 11, 10, 4, 3, 2. Ni 30. Aina nne ni 120. Nusu yake ni 60, na mwenye nusu na moja juu kashinda. Huhitaji kuhesabu za mwenzako, kwa sababu chochote usichokuwa nacho wewe anacho yeye. Ukipata 61 yeye hawezi kuzidi 59. Ndiyo maana wazee wakifika hapo katikati ya mchezo huweka karata chini wakasema "nimetoka", wakati karata nyingine bado ziko mkononi, na mgeni akadhani wamekasirika.

Nilimwambia mpwa wangu aitazame ile 120 kama mhasibu, aone fedha zimelala wapi. Ree nne ni 44. Seti nne ni 40. Karata nane tu, na zimebeba 84 kati ya 120. Wazungu wote 12, na mbwembwe zao za mataji na ndevu, wana 36. Magarasa 20, nusu nzima ya karata, sifuri.

Kutokana na hapo inatoka hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ina faida kuliko maelezo yote ya "soma mchezo" na "tumia akili" wanayokupa watazamaji. Hesabu zile nane kubwa peke yake. Ukipata sita kati ya nane umeshinda, hata kama sita zenyewe ni mchanganyiko mbaya kuliko yote, yaani seti zote nne na ree mbili: ni 62. Ukipata tano una kati ya 51 na 54, kwa hiyo unadaiwa pointi saba mpaka kumi, wazungu wawili watatu tu. Mkigawana nne kwa nne, vita inahamia kwa wazungu, na hapo ndipo yule malkia wa pointi 2 uliyemtupa ovyo dakika tano zilizopita anarudi kukusuta. Ukipata tatu bado hujafa, ila unahitaji pointi 28 hadi 31 kutoka kwa wazungu ambao jumla yao ni 36, yaani karibu wote. Ukipata mbili, kunywa kahawa yako. Ree mbili na wazungu wote 12 ni 58. Haitoshi, na haitatosha hata ukicheza kama malaika.

Mpwa wangu siku ile alipata tatu kati ya nane: ree ya pau, seti ya kopa na seti ya uru. Ni 31. Akakusanya wazungu wa 23, kazi nzuri kabisa, wakamfikisha 54. Mizunguko yake 13 ilikuwa mingi kwa sababu mzee alimwachia. Na hili la kuachia ndilo fundo lenyewe, kwa hiyo nitalifungua taratibu.

Karata ina vitu viwili tofauti: nguvu na thamani. Nguvu ni uwezo wa kula. Thamani ni pointi unazozipata ikiingia kwenye rundo lako. Kwa sehemu kubwa vinakwenda pamoja: ree inapiga seti, seti inapiga mzungu wa nne, wa nne anapiga wa tatu, wa tatu anapiga wa pili, kisha sita, tano, nne, tatu, mbili. Lakini turufu inavitenganisha. Tunapogawana karata tatu tatu, inayofuata tunaifunua na kuilaza chini ya fungu la karata zilizobaki ikichungulia, na aina yake ndiyo turufu ya mchezo huo. Turufu yoyote inakata karata yoyote ya aina nyingine. Mbili ya turufu inakata ree. Ila bado ni garasa: imekula 11, yenyewe haina kitu. Na ree ya turufu, ambayo hakuna wa kuigusa, thamani yake ni 11 ileile. Turufu inapandisha nguvu, bei haiigusi.

Aliyekula analamba, yaani anaokota, karata kwenye fungu kwanza, mwenzake anafuata, na aliyekula ndiye anayeanzisha tena. Fungu likiwa bado lipo hulazimiki kufuata aina iliyoanzishwa. Unaweza kutupa chochote. Likiisha, kila mmoja akibaki na tatu za mwisho, lazima ufuate kama unayo. Hivyo ndivyo barazani kwetu. Wapo wanaogawa karata zote tangu mwanzo na kufuata aina mpaka mwisho, na wapo tayari kugombana kwamba huo ndio wahedi wa sitini halisi. Hesabu haibadiliki kwa vyovyote.

Kulamba huko ndiko kulikotoka ile lugha ya magazeti ya michezo. Simba au Yanga ikisajili mchezaji akawaka tangu mechi ya kwanza, imelamba dume. Akija anatembea uwanjani kama anatafuta ufunguo, imelamba garasa. Nusu ya wanaosema hivyo hawajawahi kushika karata, lakini wanajua vizuri bei ya ree na ya garasa.

Basi rudi kwenye mchezo wa Jumapili. Turufu ilikuwa shupaza. Mpwa wangu alianzisha na sita ya pau, mzee akatupa nne ya pau. Kijana kala. Akaanzisha na tano ya uru, mzee akatupa mbili ya kopa. Kijana kala tena, na sauti imeanza kupanda. Mara mbili kala, pointi sifuri, na kila alipokula alilazimika kuanzisha yeye, yaani kuonyesha alichonacho kabla ya mzee. Mkono wake ukaishiwa magarasa. Akaanzisha na mzungu wa nne wa kopa. Mzee akalaza ree ya kopa juu yake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula. Ni 15 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko miwili ya kijana haikuwa imeleta hata pointi moja.

Baadaye kidogo kijana akalamba seti ya pau, akaona aitumie ingali ya moto. Mzee akaikata kwa mbili ya shupaza. Garasa la turufu, karata duni kuliko zote katika aina yake, likaondoka na 10. Hapo ndipo mtazamaji mmoja, fundi cherehani ambaye hachezi ila anajua kila kosa, alipoguna. Mpwa wangu hakujua kwa nini.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kula si "naweza kula?" Ni "hapo chini kuna kiasi gani, na natumia nini kukichukua?" Kula sifuri kwa kutumia turufu ni kulipa nauli ya teksi kwenda kuchukua chenji ya daladala. Kuna wakati inabidi, kwa mfano unapotaka ulambe kwanza kwa sababu unajua turufu kubwa imebaki kwenye fungu. Lakini hizo ni hesabu za mbele. Anayeanza na aziache.

Sasa namna ya kuhesabu. Barazani kwetu hairuhusiwi kufunua rundo lako katikati ya mchezo kuchungulia una ngapi. Karata ikishalala imelala. Unabeba hesabu kichwani, na mzee wa reli anaibeba huku akisimulia treni ya mwaka gani ilikwama Morogoro kwa mafuriko. Nilimuuliza anawezaje. Alinijibu kwamba hajumlishi karata moja moja kama mtoto anayehesabu vijiti. Anajumlisha kila mzunguko unapolala: huu ulikuwa 15, huu 3, huu bure. Mizunguko ya bure haiingii kichwani kabisa. Katika mizunguko 20, ukitoa ya bure na ile ya mwenzako, unayobeba ni saba au minane.

Hesabu ya mwisho, baada ya karata zote kulala, ina njia yake pia, na nimeiona kwa wazee wengi bila mtu kuitaja. Ree na wazungu watatu wa bei tofauti ni 11 na 4 na 3 na 2. Ni 20 kamili. Seti ni 10 peke yake. Kwa hiyo unapanga vijifungu: kila ree unaitafutia wa nne, wa tatu na wa pili, wa aina yoyote, unaweka pembeni, "ishirini." Kila seti, "kumi." Masalia ya wazungu unayapanga kwa kumi: wa nne wawili na wa pili mmoja, au wa tatu wawili na wa nne mmoja. Mzee siku ile alikuwa na ree tatu, seti mbili, wa nne wawili, wa tatu mmoja na wa pili mmoja. Alitoa kifungu cha 20, akaweka seti mbili zikawa 40, ree mbili zilizobaki zikaifanya 62, na wa nne aliyesalia akaifikisha 66. Ilimchukua muda mfupi kuliko ulioutumia kusoma sentensi hizi.

Mkicheza wanne ni wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mbele yako, na marundo yenu ni hesabu moja. Linaloongezeka ni kulisha. Ukiona mwenzako ameshaushika mzunguko, humtupii garasa. Unamtupia ree au seti iliyokuwa inakutia wasiwasi mkononi, iende nyumbani salama. Mzunguko wa watu wanne unaweza kubeba 30 na ushei, kwa hiyo mchezo unaweza kugeuka kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana wa wanne huwa na kelele zaidi, na ndio unaovunja urafiki wa watu waliojenga ukuta pamoja.

Ushindi wa mchezo mmoja tunauchora kwa chaki sakafuni, mstari mmoja. Mtu asipofikisha 30, mpinzani wake anachorewa mistari miwili. Wareno kwenye sueca wanalisema kwa upande wa pili: anayepata 91 au zaidi anahesabiwa michezo miwili. Ni kitu kilekile, kwani mmoja akiwa na 29 mwingine ana 91. Mwenye mistari minne kwanza kaondoka na ushindi wote, na aliyefungwa analipa kahawa. Hatuchezi kwa fedha, na anayetaka fedha tunamwelekeza kwingine.

Imebaki 60 kwa 60. Hii ndiyo inayozua ugomvi kuliko zote kwa sababu wachezaji wa kawaida hawaamini kama inawezekana, na mmoja akitangaza 60 mwingine anaanza kutafuta karata chini ya mkeka. Inawezekana kabisa, tena si mara moja kwa mwaka. Haichorwi mstari. Jina la mchezo lenyewe limekwisha kuamua: si sitini, ni moja na sitini.

Mpwa wangu amerudi mara nyingi tangu siku ile. Jumapili iliyopita walikaa tena, yeye na mzee, turufu kopa. Safari hii rundo la kijana lilikuwa dogo na hakuwa anasema chochote, midomo ikicheza kama anayesoma uradi. Fungu likaisha, kila mmoja akabaki na tatu. Zamu yake kuanzisha. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiona: ree ya uru, sita ya uru, mbili ya shupaza.

Baadaye aliniambia alichokuwa nacho kichwani. Alikuwa na 49. Kati ya karata za thamani, ambazo hazijalala zilikuwa tatu tu: ree aliyoishika yeye, mzungu wa nne wa uru, na mzungu wa tatu wa kopa, yaani turufu. Hizo ni 18, kwa hiyo mzee alikuwa na 53. Wazungu hao wawili lazima wawe mkononi kwa mzee. Karata ya tatu ya mzee, katika magarasa, aliona haijapita tano ya uru. Shupaza nyingine zote zilikuwa zimekwisha kulala.

Kidole chake kiligusa ree, na mimi nikajisemea basi, amerudi kulekule. Angeitupa ree, mzee angefuata kwa tano, garasa. Kijana angepata 11, jumla 60. Halafu angeanzisha na sita, mzee angeila kwa mzungu wa nne, kisha mzungu wa tatu wa turufu angemaliza kazi. 60 kwa 60.

Kidole kikaondoka. Akalaza mbili ya shupaza.

Mzee aliiangalia ile mbili kwa muda. Shupaza hakuwa nayo. Akitupa tano, kijana anakula na kuishusha ree, na mzungu wa nne hana pa kujificha. Akimtupa mzungu wa nne mwenyewe, zimeondoka nne palepale. Akaikata kwa mzungu wa tatu, akapata pointi tatu, 56. Sasa zamu ya kuanzisha ilikuwa yake, na mkononi kabaki na uru mbili mbele ya mtu mwenye ree na sita. Akatupa tano. Kijana hakuigusa ree. Akaila tano kwa sita, pointi sifuri, kisha ndipo akaishusha ree, polepole, kama mtu anayefunika chakula.

"Sitini na nne," akasema mpwa wangu, kabla hata hatujafunua rundo.

Mzee akafunua la kwake, akapanga vifungu vyake, ishirini, kumi, kumi, mpaka akafika 56. Akavipanga tena. Halafu akaiokota chaki, akamwita muuza kahawa kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akamchorea kijana mstari.